Sindano Moja ya Ushwari

Chama chetu cha wafugaji kilinituma Ushwari kuchagua mitamba, majike wachanga ambao hawajazaa. Nchi hiyo haimo katika ramani zinazouzwa mjini, na njia ya kufika huko haina haja ya kumchosha msomaji. Itoshe kusema nilifika, nilipokewa vizuri, na nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe au niliambiwa na wahusika. Pale ambapo sikuelewa, nitasema sikuelewa.

Ushwari ni nchi ya vilima vya majani na vijito vya maji baridi, na mali yake ni ng'ombe. Sijapata kuona mahali ambapo ng'ombe wanapendwa namna ile. Wanasuguliwa kwa brashi kila asubuhi, hawapigwi fimbo, na sikukuu wanavishwa maua shingoni. Watu wakikutana njiani huulizana kwanza habari za zizi, ndipo waulizane habari za watoto. Jibu ni moja, "Wote wazima." Niliuliza mtu hujibu nini kama ng'ombe wake anaumwa. Nikaelezwa kwa subira kwamba hujibu hivyo hivyo, kwa kuwa jibu limewekwa na sheria.

Inaitwa Sheria ya Mwonekano. Inasema ng'ombe anayeonekana mzima ni mzima, na ni kosa kumuuliza mnyama jambo ambalo mwenyewe hajalionyesha. Mwanzoni niliiona sheria ya kipuuzi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ilitungwa kwa huruma. Zamani, uvumi kwamba zizi fulani lina maradhi ulitosha kuiangamiza familia: maziwa yao hayakununuliwa, binti zao hawakuposwa, na mara nyingi uvumi wenyewe ulikuwa umepandwa na jirani mwenye kijicho. Waliotunga sheria walitaka kuziba mdomo wa jirani huyo. Wakaziba na midomo mingine yote.

Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mkuu wa Mwonekano, Bwana Sengelo, mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kumsikiliza mgeni mpaka amalize. Siku nilipokwenda kujitambulisha ofisini kwake alinikaribisha maziwa ya mtindi, akaniuliza kazi yangu. Nilimwambia mimi ni mganga wa mifugo, na kabla ya kununua mnyama huwa napima damu.

"Kwenu mnapima?" aliuliza.

"Tunapima tunapoweza, Mheshimiwa."

"Na mkishapima, mnalala?"

Nilifikiri kidogo. "Mara nyingine hatulali."

"Sisi tunalala," alisema. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayemwonea mgeni huruma.

Damu nilikatazwa. Nikaruhusiwa kutazama, kushika, na kuonja maziwa.

Nilipangiwa kukaa kwa Bi Namtero, mjane aliyeachiwa zizi dogo na mumewe akalikuza mpaka likawa la kutajwa. Alikuwa mrefu, sauti yake ya chini, na aliwahi kukaa katika Baraza la nchi kabla ya kuchoka na kurudi kwa ng'ombe wake. Kakake, Bwana Matengu, alikuwa Mbeba Sindano, cheo kinachoheshimiwa kuliko vyote Ushwari, nami nitakieleza sasa hivi. Namtero alikuwa na ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe begani, aitwaye Kibibi, ambaye karibu nusu ya zizi ilikuwa uzao wake. Kibibi alikuwa na mimba kubwa. Nilimtazama, nikamshika, nikaonja maziwa yake kabla hajakaushwa, yaani kupumzishwa kukamuliwa ili azae. Sikuona kasoro.

Kila mwaka, mvua zinapokaribia, ng'ombe wote wa bonde hukusanywa kuchomwa dawa ya kuzuia homa. Dawa yenyewe ni nzuri. Niliikagua, na kwetu tunaitumia. Siku hiyo inaitwa siku ya Umoja. Ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja katika uchochoro wa miti, na mwisho wa uchochoro husimama Mbeba Sindano akiwa na sindano moja yenye mpini wa fedha. Anachoma wote kwa sindano hiyo hiyo. Baada ya kila ng'ombe anaifuta kwa kitambaa cha mahameli, na kitambaa nacho ni kimoja.

Mpangilio wa mstari ni wa zamani sana. Hutangulia ng'ombe wa nyumba ya Mbeba Sindano, wakifuatwa na wa maofisa, kisha wa familia zilizokaa juu ya bonde, kisha wa katikati, na mwisho kabisa wa masikini na wahamiaji walio chini karibu na mto. Namtero alizaliwa mwanzo wa mstari. Alipoolewa katika familia ya chini, ng'ombe wake wakaenda karibu na mkia, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilisimama karibu na Bwana Sengelo, nikatazama sindano ikitoka kwa ng'ombe ikiwa na damu, ikifutwa, ikiingia kwa mwingine. Nikamuuliza kwa nini isibadilishwe.

"Tukiibadilisha baada ya ng'ombe wa kwanza," alijibu kwa upole, "tutakuwa tumesema nini juu ya ng'ombe wa kwanza?"

"Kwamba ana damu yake, na mwenzake ana yake."

"Tutakuwa tumemtukana mwenye ng'ombe mbele ya watu." Akanionyesha wafugaji waliojaa kandokando ya uchochoro, wengine wakiimba. "Watazame. Hapa tajiri na masikini wanatumia sindano moja. Unayo nchi nyingine inayoweza kusema hivyo?"

Nikarudi kuitazama sindano.

Siku chache baadaye Zabibu, binti wa kwanza wa Kibibi, alikataa kula. Alikuwa amekonda tangu nifike, lakini Namtero alikuwa akisema ni joto. Sasa tezi zilikuwa zimevimba chini ya taya na mbele ya goti la nyuma, ngumu, kubwa kama ngumi, na jicho moja lilikuwa limetokeza nje kana kwamba kuna kitu kinalisukuma kutoka ndani. Miguu ya nyuma ilimshinda. Akalala, na Namtero alikaa chini karibu na kichwa chake mpaka alipokata roho mchana.

Ofisa wa Mwonekano alikuja, akamzunguka mara moja, akavua kofia. "Uchovu," alisema. Ushwari hakuna ng'ombe anayekufa kwa jambo lingine. Akampa Namtero pole ya dhati, akaenda zake.

Namtero alibaki amesimama pale. Kisha aliniambia, bila kunitazama, "Mama yake mdogo alikufa kwa uchovu huu huu. Na yule mwekundu wa jirani. Na wawili wa kule mtoni. Huko kwenu mnauitaje?"

Nilimweleza kama ninavyoeleza watu wa kwetu. Kuna kirusi kinachokaa ndani ya chembe nyeupe za damu ya ng'ombe. Akishakipata hakitoki tena, na hakuna dawa wala chanjo. Wengi kati ya wanaokibeba hawaonyeshi lolote maisha yao yote; wanakamuliwa, wanazaa, wananenepa. Wachache, mara nyingi wakiwa wameshakomaa, miaka baada ya kuambukizwa, huota uvimbe kama ule wa Zabibu. Kinasafiri kwa damu: kwa sindano, kwa kifaa cha kukatia pembe, kwa glavu ya kupimia mimba inayopita ng'ombe mmoja hadi mwingine, na kwa pange, wale inzi wakubwa wanaouma mmoja wakahamia kwa mwingine midomo ikiwa bado imelowa. Ndama anaweza kukipata kwa mama yake, tumboni au kwa maziwa.

"Kwa hiyo Zabibu si yeye tu," alisema.

"Aliyekufa kwa uvimbe huwa ameacha wengi nyuma yake wanaokibeba na kuonekana wazima, mama."

"Na huwezi kuwajua kwa macho."

"Siwezi. Hakuna anayeweza."

Aliufunika uso wa Zabibu kwa gunia, akanawa mikono. "Unacho kipimo?"

"Ninacho. Lakini damu nimekatazwa."

"Maziwa hukukatazwa. Sheria inasema mnunuzi ataonja maziwa kwa namna yoyote apendayo. Nilikuwa barazani ilipopitishwa. Tuliiandika kwa ajili ya watengeneza jibini, maana kila mmoja ana namna yake." Akanitazama sasa. "Wewe unapenda kuonja namna gani?"

Mwili wa ng'ombe ukishapambana na kirusi hiki huacha alama katika damu, na alama hizo huonekana pia katika maziwa. Nilikuwa na visahani vyenye vishimo vidogo. Unatia maziwa, unatia dawa kwa mpangilio wake, unangoja, na kishimo cha ng'ombe aliyeambukizwa hugeuka rangi ya bluu. Tulianza na zizi la Namtero. Zaidi ya nusu ya vishimo viligeuka. Maziwa ya Kibibi yalikuwa yamebaki kidogo katika kibuyu. Kishimo chake kiligeuka mapema kuliko vyote, na bluu yake ilikuwa nzito.

Namtero aliosha kibuyu, akakitundika, akasema, "Tusiishie hapa. Mtu mmoja akiwa na jambo hili ni aibu yake. Wakiwa wengi ni jambo la nchi."

Ni desturi ya Ushwari kila nyumba kumpelekea mgeni kibuyu cha maziwa, yaliyochanganywa kutoka ng'ombe wote wa nyumba hiyo. Maziwa ya mchanganyiko hayasemi ni ng'ombe yupi, ila husema kama zizi limeingiliwa. Kwa kila aliyeleta nilieleza nataka kuyafanya nini. Wengi waliniambia mgeni aonje apendavyo. Wawili walichukua vibuyu vyao wakarudi navyo.

Tulipomaliza, Namtero alivipanga visahani kwenye meza ya barazani kwake, vyeupe upande mmoja, vya bluu nzito upande mwingine, na vya bluu hafifu katikati. Kila kisahani kilikuwa na jina la nyumba. Tulikuwa bado tunavitazama Bwana Matengu alipokuja kumpa dada yake pole ya Zabibu.

Alikuwa mzee mwembamba, nadhifu, mwenye mikono mizuri isiyotetemeka. Alikaa, akanywa alichopewa, kisha macho yake yakaenda mezani. Akasoma majina kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Akayasoma tena.

"Kwa nini mmezipanga nyumba kwa mstari wangu?" aliuliza.

"Tumezipanga kwa rangi, kaka," Namtero alisema. "Mstari umejitokeza wenyewe."

Haukuwa mstari kamili. Nyumba moja ya juu ilikuwa ya bluu. Baadaye ilijulikana walikuwa wamenunua ng'ombe kutoka mtoni. Na nyumba moja ya mkiani ilikuwa nyeupe kabisa, ya mtu ambaye bonde zima lilimdharau kwa sababu aliishi mbali, alikuwa mvivu, na kila mwaka alikosa kuleta ng'ombe kwenye Umoja. Visahani hivyo viwili vilikuwa nje ya mstari, lakini ukiulizia sababu vinauthibitisha zaidi.

Namtero alimweleza kakake yote niliyomweleza mimi. Alieleza polepole, bila kulainisha, na bila kumtwisha lawama. Matengu alisikiliza akiwa ameweka viganja juu ya magoti.

"Zabibu nilimchoma mimi," alisema mwishowe.

"Ulimchoma ukimtakia heri."

"Najua nilichomtakia, mdogo wangu. Nasema nilimchoma mimi." Kisha akaongeza, "Ng'ombe wangu ndio wanaoanza. Sindano inafika kwao ikiwa safi. Miaka yote hii watu wananisifu kwa ng'ombe wazima, na mimi nilikuwa naamini ni baraka ya nyumba yetu."

Alisimama bila kuaga. Nilidhani amekwenda kutushtaki. Kesho yake tulisikia ameliomba Baraza likutane, na kwamba ameomba mgeni na dada yake wasikilizwe.

Baraza la Ushwari hukutana katika ukumbi wa mbao wenye madirisha makubwa, ili ng'ombe walio nje waonekane. Nilieleza kipimo, nikaonyesha visahani, nikakaa. Bwana Sengelo alisimama wa kwanza. Alisema kwa utulivu kwamba anaamini mgeni hakudanganya, lakini kipimo kimeuliza swali ambalo ng'ombe hawakuliuliza. "Jana nyumba hizi zilikuwa na ng'ombe wazima," alisema. "Leo zina ng'ombe wa bluu. Ng'ombe ni wale wale. Mgeni amewabadilisha kwa kisahani."

Wengi walipiga makofi. Akafuata Bwana Dunga, mzee wa familia za juu, mwenye sauti iliyozoea kutii­wa. Kwa miaka mingi alikuwa mtetezi mkubwa wa Sheria ya Mwonekano. Alitazama visahani, akaona jina la nyumba yake liko katika vyeupe, akabadilika pale pale.

"Kama maradhi yapo," alisema, "basi yakatwe mzizi. Kila ng'ombe wa bluu achinjwe kabla ya wiki kwisha."

Nilishuhudia jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Katika mazungumzo ya asubuhi moja tu ukumbi ule ulihama kutoka kusema hakuna ng'ombe mgonjwa hata mmoja mpaka kusema wagonjwa wote wafe, na watu walewale walipigia makofi kauli zote mbili. Kitu kimoja tu hakikuguswa na upande wowote. Hakuna aliyeitaja sindano.

Namtero alipopewa nafasi alikwenda mbele akasimama kando ya meza.

"Bwana Dunga anataka wachinjwe," alisema. "Wakichinjwa wote, kule mtoni hakutabaki maziwa ya kumpa mtoto. Halafu mwakani mtawaletea ng'ombe wapya, mtawapanga mkiani mwa mstari, na mtawachoma kwa sindano iliyopita kwa wote. Tutakuja kuwachinja tena. Mkuu wa Mwonekano naye anataka tusiwajue. Tusipowajua, tutaendelea kuwafanya wagonjwa kwa mikono yetu, tena tukiimba. Mimi siombi ng'ombe wangu wachinjwe, wala siombi wasamehewe. Naomba kila ng'ombe achomwe kwa sindano yake, au sindano ichemshwe. Kifaa cha pembe kisafishwe na kichemshwe. Wenye bluu wakae upande wao, wakamuliwe mwisho. Ndama wapewe maziwa ya ng'ombe safi, au yaliyochemshwa. Wenye hali mbaya zaidi watolewe kwanza, kadiri tunavyoweza kuziba pengo lao. Ni kazi ya miaka. Haitampendeza mtu."

"Na Umoja?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma. Hakuuliza kwa ubishi; alionekana mwenye huzuni. "Tutakutana kwa ajili ya nini?"

Hapo Bwana Matengu alisimama. Alifungua kisanduku cha mbao, akaitoa sindano yenye mpini wa fedha, akaiweka mezani pamoja na kitambaa chake.

"Nimeibeba tangu baba yetu alipoishiwa nguvu," alisema. "Kama kuna mtu hapa anayeweza kuipeleka kwa ng'ombe wa pili baada ya kuona meza ya dada yangu, aje aichukue. Mimi siwezi tena."

Bwana Dunga alitazama dirishani. Hakuna aliyekuja kuichukua.

Mabishano hayakuishia hapo. Baraza lilikaa tena na tena, na sehemu kubwa ya muda ilitumika kutafuta namna ya kuliita jambo jipya bila kukiri kwamba la zamani lilikuwa kosa. Ni Bwana Sengelo aliyelipata jina. Alipendekeza Sheria ya Heshima: kwamba kila ng'ombe wa Ushwari, awe wa tajiri au wa masikini, anastahili sindano yake mwenyewe ambayo haijamgusa mwingine. Ikapita kwa furaha kubwa, na waliokuwa wakiimba sifa za sindano moja wakaanza kutunga wimbo wa sindano nyingi. Sheria ya Mwonekano haikufutwa. Iliongezwa kifungu kinachosema kwamba damu nayo ni sehemu ya mwonekano.

Nilimuuliza Sengelo, tulipotoka nje, kama hakuona taabu kuyasema hayo baada ya kuyapinga.

"Niliona," alijibu. "Bado naona. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale waliovumishiwa, mgeni. Maziwa yetu yalimwagwa njiani. Naogopa siku ambayo mtu atamwita jirani yake mwenye bluu kwa chuki." Akatembea kidogo. "Lakini nilipokuwa nikiogopa hilo, ng'ombe wa watu wa mtoni walikuwa wanakufa, nami nawapelekea ofisa wa kuvua kofia."

Hofu yake haikuwa bure. Katika wiki zilizofuata nilisikia jina hilo likitumika kama tusi sokoni zaidi ya mara moja, na nilimwona yeye mwenyewe akisimama kumkemea aliyelitumia. Familia nyingi za juu zilikubali kutoa mitamba safi kwa watu wa mtoni, ili wapate kuwaondoa wenye hali mbaya. Bwana Dunga hakutoa. Alisema ng'ombe wake hawajazoea majani ya kule.

Sasa niliruhusiwa kuchukua damu. Ya Kibibi niliitazama kwa hadubini, na chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi. Ng'ombe wa namna hiyo ndiye anayeambukiza wenzake kuliko wote. Tone dogo mdomoni mwa pange linatosha. Nilimwambia Namtero akiwa anampiga brashi.

"Anaonekana mzima," alisema.

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa maofisa wengi, lakini hapo kwa mara ya kwanza niliyaelewa.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Anaonekana mzima."

Aliendelea kupiga brashi mpaka akamaliza upande wote. "Basi azae kwanza."

Alimtenga peke yake nyuma ya nyumba, akamfukizia moshi wa kufukuza inzi. Kibibi alizaa ndama jike, mweusi kama yeye. Tulimwondoa ndama kabla hajasimama wala kunyonya, tukampangusa kwa nyasi kavu mbali na mama yake. Matengu alikuwa ameleta dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, kutoka kwa ng'ombe wake aliyezaa siku hizo. Akamnyonyesha ndama kwa chupa yeye mwenyewe, amepiga magoti kwenye matope na nguo zake nadhifu. Kibibi alilia kwa sauti nyembamba kutoka ng'ambo ya ua, na Namtero alisimama kati yao, hakwenda huku wala kule.

"Huyu je?" aliniuliza, akimtazama ndama.

"Huenda alikipata tumboni, huenda hakukipata. Nikipima sasa naweza kudanganyika. Angoje miezi kadhaa, apimwe, na apimwe tena."

"Kwa hiyo nimlee bila kujua."

"Umlee kana kwamba ni mzima, na umkinge kana kwamba si mzima."

Kibibi aliondoka wiki iliyofuata. Matengu alikuja kumpeleka machinjioni, akashika kamba, na dada yake akatembea nao mpaka kwenye lango. Hakumvisha maua. Alimfungulia lango, akampisha, akalifunga, kisha akarudi kukamua waliobaki, wasafi kwanza, wa bluu mwisho, kama alivyokuwa amesema barazani.

Nilirudi nyumbani bila mtamba hata mmoja, maana wale safi walikuwa wanahitajika zaidi mtoni. Chama kiliitisha mkutano kunisikiliza. Nilisimulia kama nilivyosimulia hapa. Wanachama walicheka sana niliposimulia kitambaa cha mahameli, na mwenyekiti alifuta machozi ya kicheko akasema kweli dunia ina watu. Nikangoja watulie. Nikauliza ni nani angependa nianze kupima kwake.

Kicheko kilikwisha. Mmoja akasema mvua zinakuja, si wakati mzuri. Mwingine akasema ng'ombe wake wanakula vizuri, haoni sababu. Mwenyekiti akasema jambo hilo zuri litapangiwa siku yake, tukaingia kwenye ajenda ya bei ya pumba.

Nilipofika nyumbani mke wangu, Tusajigwe, alikuwa tayari amepata habari za mkutano. Ng'ombe wetu ni wachache, na yule tunayemtegemea kwa maziwa, mke wangu alipewa na mama yake siku ya harusi yetu. Alikwenda zizini, akamshika ng'ombe huyo kichwa, akaniambia, "Haya, chukua damu."

Nilifungua sindano mpya, nikachukua. Tulikaa kwenye benchi nje ya zizi tukangoja, jua likiwa bado juu. Kishimo kiligeuka bluu taratibu, mpaka hapakuwa na la kubishia. Tusajigwe aliinuka, akafungua kamba, akamhamishia ng'ombe upande wa pili wa ua, akamwekea maji na majani, akampapasa shingoni. Aliporudi alikuwa amemshika kamba ng'ombe wa pili.

"Huyu naye," alisema, akamgeuza shingo ili nione mshipa.